UZI: Mzee akianza kutetemeka na kuburuta miguu, kabla hujasema "uzee" au "karogwa" soma hapa (Hai, Moshi, Arusha)

#1 Mtu_wa_Boma

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni.

Niko kwenye duka la dawa hapa Bomang'ombe, wateja wangu wanatoka Machame, Masama mpaka Sanya Juu. Kuna mteja wa aina moja anayejirudia. Kijana anaingia, anasema, "Kaka, nipe dawa kali ya baridi yabisi, mzee bega limekaza na miguu imekuwa mizito." Mzee mwenyewe kaachwa kwenye benchi nje. Nikitoka kumsalimia naona uso haukunjuki, hata umtanie hacheki, ingawa macho yanaonyesha kaelewa kila kitu. Mkono wa kulia umelala pajani, kidole gumba kinasugua cha shahada taratibu kama mtu anayehesabu noti. Wa kushoto umetulia. Nikimwomba asimame anajisukuma mara mbili, ya tatu ndiyo ananyanyuka. Akitembea mkono mmoja unapunga, mwingine umeganda ubavuni, na akitaka kugeuka anageuka kwa vihatua vingi vidogo.

Dawa anayoitaka, diklofenaki ya kutuliza maumivu, haimsaidii kitu, zaidi itamuumiza tumbo. Dalili za namna hiyo zinaelekeza kwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo. Simpi mtu jina la ugonjwa pale kaunta, si kazi yangu, lakini namwambia kijana ampeleke mzee akaonwe na daktari. Majibu ninayopata ni mawili tu. La kwanza, "aah kaka, uzee huo." La pili, kijana anasogea karibu, anashusha sauti na kuniambia kuna mgogoro wa kihamba, yaani shamba la urithi, kwenye ukoo na kuna mtu aliapa.

Sasa wengi hawajui kwamba wilaya yetu ya Hai ina historia kwenye ugonjwa huu. Watafiti wa hapa nchini na wenzao wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Msiidharau namba kwa udogo wake, angalieni hii nyingine: asilimia 78 ya hao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Na hapa si porini. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi tangu 1971, unapanda Hiace asubuhi na mchana umerudi kulisha ng'ombe. Kwa hiyo tatizo halikuwa umbali peke yake. Watu waliwaona wazee wao kila siku na hawakuona ugonjwa.

Ubongoni kunatokea nini? Kwenye shina la ubongo kuna kieneo kidogo chenye seli za rangi nyeusi, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inayofanya amri ya kutembea, kufunga kifungo au kutabasamu itoke kwa wepesi na kwa ukubwa wake. Seli hizo zikianza kufa, nia inakuwepo lakini mwili unachelewa, na kila tendo linatoka dogo: hatua ndogo, sauti ndogo, mwandiko mdogo. Mpaka siku mkono unaanza kutetemeka, inakadiriwa zaidi ya nusu ya seli hizo zimeshakwenda. Ndani ya zile zinazougua hukutwa madonge ya protini. Daktari Mjerumani Friedrich Lewy aliyaeleza mwaka 1912, lakini ilibidi kusubiri mpaka 1997 watu wajue kwamba ndani yake kuna protini iitwayo alfa-sinukleini iliyokunjamana vibaya. Kwa nini inakunjamana kwa mtu huyu na si kwa jirani yake, hapo ndipo watafiti wanapohangaika mpaka leo.

Mwili hutoa taarifa mapema, ila taarifa zenyewe hazifanani na ugonjwa. Mtu anapoteza kunusa: kahawa inakaangwa jikoni hadi majirani wanajua, yeye aliyekaa pale pale hasikii harufu. Choo kinakuwa kigumu miaka na miaka. Usiku anapiga mateke na kupigana usingizini, anaigiza ndoto zake, na mkewe anahamia chumba cha watoto. Hiyo ya usiku ndiyo inayotuponza, maana hapo ndipo majini yanapotajwa. Ukweli ni kwamba kupigana usingizini ni moja ya dalili ambazo wanasayansi wanazifuatilia sana, kwa sababu inaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi.

Mwandiko nao. Kuna mama mfanyabiashara pale soko la Memorial ambaye benki moja ilimkatalia saini yake, kila akirudia inazidi kuwa ndogo. Walimshuku si mwenyewe. Nilipoona karatasi nilielewa, jina linaanza kawaida na linaishia kama mstari wa sisimizi.

Kuhusu dawa niwe mfupi, maana nitaulizwa tu. Dawa kuu ni levodopa. Dopamini yenyewe ukiimeza haivuki kuingia ubongoni, levodopa inavuka na ikifika kule inageuzwa kuwa dopamini. Huchanganywa na kabidopa ili isiharibikie njiani na kumtapisha mgonjwa. Imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960 na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi. Seli zinaendelea kufa. Lakini nimeona mzee aliyekuwa analishwa akashika kijiko mwenyewe, na hilo kwangu si dogo. Daktari huanza na dozi ndogo akipandisha, na dawa haikatwi ghafla hata kama imeisha na pesa hakuna. Ikikaribia kuisha ongea na daktari mapema, kukata ghafla kunaweza kumleta mtu wodini akiwa hoi.

Karibuni.

#2 Meku_Kibosho

Mkuu umeandika kitu. Swali. Baba yangu yeye anatetemeka mikono yote miwili, lakini akiweka mikono mapajani imetulia tuli. Shida ni akishika kitu. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inamwagika nusu kabla haijafika mdomoni. Kichekesho ni kwamba akishusha ya kwanza, ya pili anaishika kama fundi saa. Wazee wenzake wanasema mbege ndiyo dawa yake. Hii nayo ni Parkinson?

#3 Sista_Usiku

Meku, mimi ni muuguzi, ngoja nijibu hili. Hiyo uliyoeleza haifanani na ya mleta uzi. Kutetemeka kwa Parkinson hutokea zaidi mkono ukiwa umepumzika, huanza upande mmoja, na huja pamoja na ugumu na mwendo wa polepole. Kutetemeka kwa mikono yote wakati wa kushika kitu mara nyingi ni ugonjwa mwingine, huo huwa unatembea kwenye familia. Muulize kama babu yako au shangazi zako walikuwa nao. Na ni kweli kabisa kwamba pombe kidogo huutuliza kwa muda, madaktari wanajua hilo. Ila isiwe ruhusa, maana mtu aliyezoea pombe akiikosa naye hutetemeka, na hapo mtashindwa kujua kipi ni kipi. Kuna dawa zake, mojawapo ni propranolol, lakini mwenye pumu haruhusiwi. Hospitali kwanza.

Nyongeza kwa wote: kabla hamjasema Parkinson angalieni mfuko wa dawa wa mzee. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi mnaijua kama Plasil, ikitumika muda mrefu inaweza kuleta dalili zile zile. Dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol pia. Hizi zinaziba milango ambayo dopamini inafanyia kazi. Dawa ikibadilishwa na daktari, wengi hurudi katika hali nzuri, ingawa inaweza kuchukua miezi. Nimewaona watu wameandikiwa levodopa ilhali bado wanameza kinachowatetemesha.

#4 Kijana_wa_Unga_Ltd

Nimeweka kambi hapa. Endeleeni.

#5 Shangazi_wa_Njiro

Nashukuru mwanangu Mtu_wa_Boma. Mimi naomba tusiwacheke wanaosema karogwa. Shemeji yangu alianza na ile ya usiku. Anaruka kitandani, anapiga ukuta ngumi, anataja watu waliokufa. Saa nane za usiku, taa hakuna, mtu anaita marehemu kaka yake kwa jina. Utafikiria ubongo kweli? Tulikesha kwenye maombi. Sijutii maombi. Nachojutia ni kwamba hospitali moja hapa Arusha tulipompeleka baadaye walimpima presha, wakamwandikia dawa ya presha, tukarudi. Hakuna aliyemwambia asimame atembee.

#6 Mtu_wa_Boma

Shangazi shikamoo. Hapo kwenye "asimame atembee" umegusa penyewe. Daktari James Parkinson wa London aliyeuelezea ugonjwa huu mwaka 1817 alikuwa na wagonjwa sita tu, na kati ya hao watatu aliwaona barabarani. Hakuwa na mashine hata moja. Miaka mia mbili baadaye bado macho ya daktari ndiyo kipimo kikuu. Picha ya CT scan ya kichwa kwa mgonjwa wa Parkinson mara nyingi inatoka safi. Ina kazi yake, inaondoa wasiwasi wa kiharusi, damu kuvilia au maji kujaa kichwani, lakini familia isiuze ng'ombe ikidhani picha ndiyo itakayotaja Parkinson. Huko nje sasa kuna kipimo cha maji ya uti wa mgongo kinachonasa ile protini iliyokunjamana, kinafanya vizuri kwenye tafiti. Kwetu kijijini ni macho na masikio.

#7 Binti_Sakina

Naomba kuuliza upande wa kusahau maana naona mmeegemea kutetemeka. Mama mkwe amekuwa mtu mwingine. Anaficha sukari kwenye pipa la mahindi halafu anasema mimi nimeiiba. Akiwa na mume wangu anaongea vizuri, wifi zangu wakija Jumapili anawaambia simpi chakula. Ameshanisemea kwa mjumbe. Ndoa imetikisika. Ni ubongo au ni roho mbaya tu? Samahani kwa kuuliza hivyo.

#8 Sista_Usiku

Usiombe samahani dada. Kuficha vitu, kisha kusahau alikovificha, kisha kumtuhumu aliye karibu zaidi ni jambo linalojulikana sana kwa wenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Anayetuhumiwa karibu kila mara ndiye anayehudumia. Anaweza pia kujikaza vizuri kwa saa moja mbele ya wageni, ndiyo maana wifi zako hawaamini. Waambie wakae naye wiki nzima bila wewe kuwepo.

Na hapo nako Hai imo. Mwaka 2010 walichunguzwa wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji vya wilaya hiyo, na baada ya hesabu kuwekwa sawa kwa umri, wenye demensia wakawa asilimia 6.4. Hicho si kiwango cha mbali sana na cha nchi zilizoendelea. Wale waliokuwa wanasema Mwafrika hapati ugonjwa huu walikuwa hawajaja kuuliza.

Mimi kinachonifurahisha zaidi ni kipimo kilichotokana na kazi ile. Vipimo vya Ulaya vinamtaka mtu achore maumbo kwa penseli, ahesabu kurudi nyuma, ataje tarehe. Bibi ambaye hajashika penseli maisha yake yote anaanguka mtihani wakati akili yake ni wembe, anajua kila mti kwenye kihamba ulipandwa na nani. Basi wakatunga cha kwao: anapewa njiti nne za kiberiti apange kama alivyoonyeshwa, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anaulizwa leo siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani, kisha anarudia maneno kumi aliyosomewa mwanzoni. Muuguzi wa zahanati anaweza kukifanya. Alama za juu ni 15, akipata 7 au chini anapelekwa kuchunguzwa zaidi.

Mpeleke mama mkwe akapimwe pia sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende, na muulize kama aliwahi kuanguka akagonga kichwa. Baadhi ya hayo yanatibika na kusahau kunapungua.

#9 MitiShamba_Asilia

Mnawapotosha watu na madawa ya kizungu. Mungu alishatupa UPUPU. Hata hao wazungu wanajua ndani ya upupu kuna hiyo levodopa yenu. Mimi ninao unga, bei poa, Arusha natuma mpaka mlangoni. Parkinson, presha, nguvu za kiume, vyote kwisha.

#10 Mtu_wa_Boma

Mkuu nitakupa haki yako kisha nikunyime nyingine. Ni kweli, mbegu za upupu zina levodopa ya asili. Wahindi wametumia mbegu hizo tangu kale na si hadithi. Ni mbegu lakini, siyo yale manyoya ya ganda yanayowasha, mtu asije akajitia majanga. Bolivia, ambako wagonjwa wengi hawamudu vidonge kama sisi, watafiti waliwapa wagonjwa 18 unga wa mbegu zilizokaangwa, dozi moja moja, matokeo yakatoka 2017 na unga ulifanya kazi. Vizuri kabisa.

Sasa sikiliza sehemu ambayo wauzaji hamsemi. Walipojaribu kuutumia kila siku, kwenye utafiti wa wiki 16 wenye wagonjwa 14, nusu yao waliacha. Wengine tumbo liliwakataa, wengine mwendo ulizidi kuharibika. Na hao walikuwa wanapimiwa unga na madaktari wanaojua kiasi cha levodopa kilichomo. Wako wewe una kiasi gani kwa kijiko? Hujui, na mimi sijui. Mzee anayemeza vidonge halafu anaongezewa unga wako anaweza kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo au presha kushuka akaanguka. Siku mtafiti wa hapa atakapoupima upupu wetu nitakuwa wa kwanza kuuweka kwenye rafu. Hiyo ya nguvu za kiume nakuachia mwenyewe.

#11 Kijana_wa_Unga_Ltd

😂😂😂 Mkuu kajibu kwa adabu lakini maumivu yapo.

#12 Mpare_Mstaafu

Nimesoma yote. Babu yangu alikuwa na Parkinson, baba yangu anayo. Mimi nina miaka 58 na juzi nimeona nashindwa kunusa gesi ikivuja. Nisemeni ukweli, inarithiwa?

#13 Sista_Usiku

Mzee wangu shikamoo. Kwa walio wengi hairithiwi moja kwa moja kama mzazi-mtoto. Lakini jeni zina mchango, na hapa kuna habari mpya inayotuhusu. Kwa miaka mingi tafiti za jeni zilifanywa kwa watu wa asili ya Ulaya, sisi tukawa tunasoma majibu ya watu wengine. Mwaka 2023 timu iliyokuwa na wanasayansi wa Nigeria ilichapisha matokeo ya kuchunguza watu wenye asili ya Afrika, wakakuta badiliko kwenye jeni iitwayo GBA1 ambalo kwa Wazungu karibu halipo. Mwenye nakala moja ana hatari kama mara moja na nusu ya asiyenayo, mwenye nakala mbili kama mara tatu na nusu. Zingatia, ni hatari kuongezeka, wengi wenye hilo badiliko hawaugui kamwe. Jeni hiyo inahusika na usafi wa ndani ya seli, inasaidia kuvunja mafuta yaliyotumika, kwa hiyo watafiti sasa wanajaribu dawa zinazoiongezea nguvu. Tanzania nayo imo kwenye mradi wa nchi saba za Afrika unaofuatilia wagonjwa wa Parkinson.

Pua pia huharibika kwa mafua, uviko, mzio, hata umri. Usijipe hukumu kwa gesi. Lakini kwa historia ya kwenu, nenda ukaonwe na umwambie daktari hivyo hivyo ulivyoandika.

#14 Mtoto_wa_Diaspora

Niko Marekani, huku kuna dawa mpya ya Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, mwaka 2023 imeidhinishwa kabisa, lecanemab. Kwa nini serikali isiilete KCMC watu wapone?

#15 Mtu_wa_Boma

Kaka, hakuna anayepona nayo. Inaondoa aina moja ya protini ubongoni, na kwenye jaribio lake la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudorora kwa kama asilimia 27 kwa walio hatua za mwanzo. Kasi, si ugonjwa. Kwenye jaribio hilo iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, mgonjwa lazima apigwe picha za MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Hapo hujanunua nauli.

Mimi ningeipigia kelele mashine ya presha iliyokufa betri kwenye zahanati. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na yanayoweza kuzuilika, yakiwemo presha, sukari, kutosikia vizuri, kuumia kichwa, pombe nyingi na kukosa shule utotoni. Kwa pamoja yanahusishwa na karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Bodaboda anayepanda kutoka Kwa Sadala bila kofia ngumu anachangia takwimu hizo bila kujua.

#16 Binti_Sakina

Sista asante. Jana nimemsomea mume wangu jibu lako, alinyamaza muda mrefu halafu akasema tutampeleka wote wawili. Wifi zangu nao wamepangiwa wiki yao 😅

#17 Mama_Kilacha

Mwanangu wa duka la dawa, mume wangu ameanza hiyo levodopa. Asubuhi inafanya kazi vizuri, mchana ni kama kameza chaki. Nampa na mtori wa nyama ili asitapike. Nakosea wapi?

#18 Mtu_wa_Boma

Mama shikamoo. Ni nyama hiyo. Protini na levodopa zinagombania mlango mmoja wa kuingilia, kwanza utumboni na tena kwenye ubongo. Mpe kidonge nusu saa kabla ya kula, au kama saa moja hadi mbili baada ya chakula. Kichefuchefu kikimsumbua mpe na ndizi tupu au kipande cha mkate, siyo nyama wala maziwa. Nyama ataila jioni. Na muda wa dawa usiyumbe, weka kengele ya simu.

#19 Meku_Kibosho

Mrejesho mdogo. Shangazi mkubwa amethibitisha, babu alikuwa anamwaga mbege vile vile. Jumatatu nampeleka mzee. Nibebe nini?

#20 Sista_Usiku

Beba dawa zote anazomeza, hata za kienyeji, kwenye mfuko mmoja. Mrekodi kwa simu akiwa anatembea, anageuka, anamimina chai kwenye kikombe. Kama ana vurugu za usiku, mama yako arekodi na hizo. Andika mkono upi ulianza na lini. Na mwambie asinywe mbege asubuhi ya Jumatatu, daktari anataka kuona mkono ukitetemeka.